Kidaka cha Dereva wa Masisi

Fundi alibisha dashibodi kwa kifundo cha kidole, mara tatu upande wa kulia, mara tatu upande wa kushoto, kisha akainamisha sikio kama mtu achaguaye dafu sokoni, na alipokwisha kusikiliza akachukua chaki, akatia alama ya msalaba mahali palipotoa mlio mzito. Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser ya ubavu mrefu, weupe wake umekwisha kuwa kahawia kwa vumbi la mawe ya volkano, nalo lilisimama katika ua wa gereji moja mjini Goma, likingojea safari ya kupanda Masisi na kushuka Walikale. Na muradi wa kuletwa pale haukuwa injini wala magurudumu, bali kuongezewa vijaluba vitatu vya kutilia vitu mbele ya dereva. Mimi niliyelelewa pwani, ambako nyumba za mawe zina vidaka katika kuta zake, na kila kidaka kina chombo chake kisichohamishwa, nilistaajabu kusikia ya kwamba matundu matatu yatachukua siku nne. Nikamwuliza sababu. Akanijibu bila ya kugeuka: "Muzee, kutoboa ni kazi ya saa moja. Siku zingine zote ni za kutafuta kelele."

Atakaye kuyaelewa maneno hayo sharti kwanza aijue njia. Kutoka Goma hadi Sake, mwendo wa kilomita zipatazo 25, gari hupita kati ya Ziwa Kivu na mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Lakini baada ya Sake njia huliacha ziwa, ikapanda milima kwa mizunguko, ikapita Mushaki na malisho ya ng'ombe watoao maziwa ya ile jibini ya mviringo ipendwayo Goma, hata ikafika kwenye migongo ya milima inayozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha, baada ya Masisi mjini, huelekea Nyabiondo na Kashebere, ikaanza kuteremka, malisho yakageuka msitu, baridi ikageuka harara, na msafiri akajikuta katika Walikale, chini ya mita 1,000, katika wilaya ambayo peke yake ina takriban kilomita za mraba 23,000, yaani haipungui sana nchi nzima ya Rwanda. Nasema njia kwa kuistahi tu. Mvua na vita vimeila kiasi cha kuwa mahali pengi dereva hafuati barabara bali hufuata kumbukumbu. Na huko Walikale, kwa upande wa machimbo ya kasiteriti ya Bisie, kipande cha lami kilichokuwa kizuri kuliko vyote, pale Kilambo, kiliazimwa na ndege ndogo zikakifanya uwanja wa kutulia, hata magari yakawa hayana budi kupisha marubani.

Gari lipitalo huko hubeba shehena yake nyuma, na shehena hiyo huandikwa na kuhesabiwa. Ila mbele, mkononi mwa dereva, kuna shehena nyingine isiyoandikwa popote, nayo aghalabu ndiyo iamuayo kama safari itafika. Kuna hati za gari, bima, leseni, na barua ya safari yenye mihuri. Kuna redio moja au mbili, simu na waya zake, tochi, kisu, bandeji, chupa ya maji, kitambaa cha kufutia ukungu wa kioo, na mabunda ya faranga za Kongo, ambazo kwa thamani yake ndogo hujaza mkono kabla ya kununua tangi la mafuta. Vitu hivi vyote vikiachwa juu ya dashibodi, kona ya kwanza baada ya Sake huvikusanya upande mmoja, na ya pili huvimwaga chini ya miguu, penye pedali ya breki.

Katika hivyo vyote, karatasi ndizo zenye heshima ya kwanza, na sababu yake si urasimu peke yake. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini ikavikuta 798. Na mwenye kuendesha huko hufundishwa mapema kwamba mbele ya mtu mwenye bunduki mikono ionekane, mwendo uwe wa taratibu, wala mtu asiiname ghafula kutafuta kitu chini ya kiti, kwa maana aliye nje hajui ni nini kitakachoinuliwa. Basi kidaka cha karatasi huwekwa juu, upande wa kulia wa usukani, mdomo wake wazi, ili askari aone mkono ukienda na karatasi ikitoka. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Kimarekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa mkono kukifikia kitu huzidi kadiri kitu kilivyo mbali na kadiri kilivyo kidogo. Naye alikuwa akipima watu wakigusa vibao kwa kijiti katika chumba tulivu. Fundi wetu hakusoma Fitts, walakini mdomo wa kidaka chake cha karatasi ulikuwa na upana wa kiganja na nusu, kingo zake zimepigwa tupa hata zikawa laini, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mtu mwenye hofu hukwaruzika kwa kitu chochote.

Na wala fikira hii ya kuwa msafiri awe na vyombo vyake mkononi si ngeni katika nchi ile. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa shujaa Mwindo, ambao mwimbaji Rureke aliuimba mwaka 1956 mbele ya mwanachuoni Daniel Biebuyck, naye pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Na humo Mwindo huzaliwa akiwa tayari ameshika fimbo yake mkono mmoja na tezo mkono wa pili, na mgongoni amevaa kifuko, na ndani ya kifuko mna kamba ndefu. Wahakiki wameandika mengi juu ya fimbo ile. Mimi, tangu nilipopita njia ya Walikale na kuliona gari likivutwa kutoka katika tope, hustaajabia kamba.

Neno lenyewe la dashibodi lina historia inayolingana na tope hilo. Katika zama za magari ya farasi, Waingereza waliuita hivyo ubao uliosimamishwa mbele ya mwendeshaji ili kumkinga na matope yaliyorushwa na kwato. Farasi walipoondoka ubao ukabaki, ukatiwa saa za mwendo na za mafuta, ukasahau kazi yake ya asili. Kwa Kifaransa, ambacho ndicho kiandikwacho katika ofisi za Kongo, kile kisanduku cha upande wa abiria huitwa sanduku la glavu, kwa kuwa madereva wa kwanza waliendesha magari yasiyo na paa, wakahitaji kuikinga mikono yao na baridi. Sijapata kuona glavu humo. Niliyoyaona ni karanga, vocha za simu na rozari.

Sasa nirudi kwenye kelele. Mtu adhaniaye kwamba gari hutikisika kwa namna moja tu amekosea, kwa maana humo mna mitikisiko mitatu au minne inayoishi pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na saa zake. Mwili wa gari, uliokalia springi, hupanda na kushuka mara 1 au 2 kwa sekunde, na huo ndio msukosuko auhisio abiria tumboni. Magurudumu na ekseli zake, zilizo chini ya springi, hurukaruka mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Injini ya dizeli ya silinda 6, ikizunguka mara 700 kwa dakika pale gari lisimamapo, huwasha mafuta mara 3 kwa kila mzunguko, yaani hupiga mapigo 35 kwa sekunde, na mwendo ukizidi mapigo nayo huzidi. Tena kuna barabara yenyewe.

Barabara ya udongo na kokoto, wakati wa kiangazi, hufanya mikunjo kama bati la kuezekea, na watu wengi hudhani mikunjo hiyo hutokana na malori mazito au na springi mbovu. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha jaribio ambalo gurudumu dogo lilizungushwa juu ya mchanga katika duara. Nao wakaona kwamba mikunjo hutokea hata pasipo springi, maadamu mwendo umevuka kiasi fulani, na kwamba chini ya kiasi hicho mchanga hubaki sawa. Kwa gari la kawaida kiasi hicho ni mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kwa hiyo barabara haina dawa ya kuepuka mikunjo ila watu wakubali kwenda kama chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, lililopakiwa viazi, tena likipanda. Basi fanya hesabu: gari likienda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, na mikunjo ikiwa imeachana kwa sentimita 60, gari litapigwa mara 16 au 17 kwa sekunde. Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyo jirani na kuruka kwa magurudumu.

Hapo ndipo ilipo siri ya dashibodi. Kitu kilichowekwa wazi juu ya ubao hubaki pale kwa uzito wake tu. Ubao ukishuka kwa mchapuko mkubwa kuliko ule wa kitu kinachoanguka, ubao humwacha mgeni wake hewani, kisha hupanda ukampokea kwa kishindo. Na mchapuko huo haufuati ukubwa wa mtikisiko peke yake, bali hufuata mraba wa idadi yake kwa sekunde. Kwa mtikisiko wa mara 15 kwa sekunde, inatosha ubao upande na kushuka milimita 1 na kidogo tu kila upande wa kituo chake ili kila kilicho juu yake kianze kuruka. Ukiwa wa mara 30, robo ya hapo yatosha, kiasi ambacho jicho halikioni kabisa. Dereva husema redio inacheza. Kwa hakika redio inatupwa na kudakwa mara 15 kila sekunde, saa nane mfululizo, na kila kudakwa ni nyundo ndogo juu ya viungio vyake vya risasi. Hata kampuni ya Apple, mwaka 2021, iliwaonya wenye simu zake kwamba mitikisiko ya pikipiki zenye injini kubwa, ikipita katika usukani, yaweza kuharibu kamera. Na wale vijana wa pikipiki wa Sake, wafungao simu kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, walikwisha kujifunza somo hilo kwa gharama zao wenyewe.

Kwa ajili hiyo kijaluba katika gari la Masisi si mahali pa kutia kitu. Ni mahali pa kukituliza. Tofauti hiyo ndiyo iliyochukua siku tatu za fundi.

Siku ya pili alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alikuwa amekwisha kukata tundu la katikati, lenye upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, ambacho ndicho kipimo kilichokubaliwa na viwanda vya Ujerumani, kisha vya ulimwengu, kwa ajili ya redio za magari, hata sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya gari moja huingia katika jingine bila ya kuchongwa upya. Katika pembe nne za tundu alitoboa kwanza kwa keekee matundu ya mviringo, ndipo akaunganisha kwa msumeno, asiache pembe kali hata moja. Na hilo lina ithibati ya mhandisi Inglis, aliyeonyesha kwa hesabu mwaka 1913 kwamba nguvu inayovuta bamba hujikusanya kwenye ncha ya tundu, na kadiri ncha ilivyo kali ndivyo ufa uanzavyo mapema. Kisha akaweka juu ya ubao maharage 20, niliyahesabu, maharage mekundu ya Masisi ambayo mkewe alikuwa amepeleka kupikwa, akawasha injini, akaanza kukanyaga mafuta kwa taratibu.

Maharage yalikaa kimya kwanza. Injini ilipofika mahali fulani, yakaanza kutambaa. Ilipozidi kidogo yakaruka kama dagaa wavuni, yakaikimbia sehemu ya katikati yakajipanga mistari miwili pembeni. Na mwendo ulipozidi tena yakatulia, kana kwamba hapakuwa na lolote. Mjerumani Ernst Chladni, mwaka 1787, alinyunyiza mchanga juu ya bamba, akalipiga ukingo wake kwa upinde wa fidla, na mchanga ukakimbia panapotikisika ukakusanyika panapotulia, ukichora maumbo yaliyomshangaza hata Napoleon alipooneshwa huko Paris mwaka 1809. Jambo ni lile lile. Kila ubao una mtikisiko wake wa kuzaliwa, kama pembea ilivyo na mwendo wake, na mtoto aisukumaye pembea kwa wakati wake huipaisha kwa nguvu ndogo. Injini au barabara ikiupata wakati wa ubao, ubao hupaa. Pale maharage yalipopakimbia, fundi alitia msalaba mwingine wa chaki, na chini yake, kwa ndani, akafunga kipande cha mbao kama ubavu.

Kwa nini ubavu, wala si bati nene? Kwa sababu ugumu wa ubao haufuati unene wake bali mchemraba wa unene huo: ukiuzidisha unene mara 2, ugumu huzidi mara 8, na vivyo hivyo rafu iliyoshikwa upande mmoja tu, ukiifupisha nusu, huwa ngumu mara 8. Ubavu wa mbao hupata unene mwingi kwa uzito mchache. Tena mbao ina fadhila ambayo bati halina, nayo ni kuwa nyuzi zake husuguana zenyewe kwa zenyewe, zikaula mtikisiko na kuugeuza joto dogo, ilhali bati hulia kama kengele. Wachonga chukudu wa Goma, wachukuao mikaratusi kutengeneza vyombo vyao vya magurudumu mawili ya mbao, wanalijua hilo kwa mikono yao. Na kipande cha ubavu alichofunga fundi kilitoka kwa mmoja wao, bado kikinuka mkaratusi.

Mpira nao una masharti yake, na hapa mafundi wengi hukosea kwa wema. Hudhani kwamba redio ikikalishwa juu ya mpira laini itasalimika. Mpira hutenga mtikisiko pale tu mtikisiko wa barabara uwapo wa haraka kupita ule wa kitu juu ya mpira wake, kwa zaidi ya mara 1.4; ukiwa wa polepole kuliko hapo, mpira huongeza badala ya kupunguza, na redio nzito juu ya sifongo hupiga vichwa kama mlevi kila gari linapovuka shimo. Fundi alikata mpira wa tyubu, akaukunja mara mbili, akaubana kwa bolti hata ukawa mgumu kama kisigino. Na bolti zenyewe akazitia nati zenye pete ya nailoni ndani, asizitegemee zile washa za springi ambazo kila duka huziuza. Alikuwa na haki. Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti hasa ni mtikisiko wa ubavuni, ambao hufanya nyuso mbili ziteleze kidogo kidogo, na kila mtelezo nati hurudi nyuma nywele moja. Na washa ya springi dhidi ya hilo haina msaada mkubwa.

Siku ya tatu ilikuwa ya umeme. Nitapita haraka, ila jambo moja siwezi kuliacha. Katika Masisi redio ya VHF huona umbali wa jicho tu, kwa maana mawimbi yake huenda moja kwa moja, na mlima mmoja watosha kuyazima; ndiyo sababu magari mengi ya mashirika huwa na redio ya HF pia, ambayo mawimbi yake, yakipelekwa juu, hurudishwa na tabaka la anga liitwalo ionosfea yakaanguka ng'ambo ya milima, hata bondeni. Redio hiyo ni mlafi. Ikitumia wati 120 katika umeme wa volti 12, hunywa ampea 10. Na ukiiletea umeme kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, ukinzani wa waya hula karibu volti 1 nzima njiani, redio ikapungukiwa na nguvu wakati ule ule dereva anapotaka kusema kwamba amekwama. Waya wa milimita za mraba 6 hula robo ya hapo. Fyuzi hutiwa karibu na betri, si karibu na redio, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, nao waya huanzia betrini. Nami nimeona magari mawili ambayo fyuzi ilifichwa kwa ustadi mwishoni mwa njia, kana kwamba mlinzi amewekwa chumbani na mlango wa nyumba uko wazi. Mwili mzito wa redio ulifungwa nyuma ya kiti, chini, na kichwa chake chepesi peke yake kikapandishwa dashibodi. Manahodha wa majahazi hulaza farumi chini ya ngama kwa sababu isiyo mbali na hiyo. Na zaidi ya utulivu kuna usalama, kwa maana gari likisimama ghafula kutoka kilomita 40 kwa saa katika sehemu ya kumi ya sekunde, redio ya kilo 2 iliyo juu ya dashibodi husukuma kama mzigo wa kilo 23 hivi, na kilicho mbele yake ni paji la uso la mtu au goti.

Kijaluba cha tatu, kile cha hati za akiba na mihuri, ndicho kilicholeta ubishi. Dereva alitaka kifungwe kwa mpira pande zote kisiingize maji hata tone. Fundi akakataa, akataka kitundu chini, cha unene wa kalamu. Nami, niliyeona kwamba dereva ana hoja, nilihitaji chupa ya plastiki kunifundisha, baadaye, safarini. Tulipokuwa juu ya milima ya Masisi nilikunywa maji yote, nikaifunga chupa tupu kwa nguvu, nikaisahau. Tulipofika Walikale ilikuwa imebonyea mbavu kama mbuzi wa kiangazi. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi, na hewa ya chini ni nzito kuipita, hata lita moja ya hewa iliyofungwa juu hutaka kuwa karibu sentilita 85 ikifika bondeni. Kijaluba kigumu hakiwezi kubonyea kama chupa. Basi hujivutia hewa ya nje kupitia ufa wowote wa mpira wake, na hewa ya nje katika msitu wa Walikale imejaa mvuke. Mita moja ya mchemraba ya hewa yenye joto la nyuzi 30 yaweza kubeba gramu 30 za mvuke; ikipoa usiku hata nyuzi 20 haibebi zaidi ya gramu 17, na zilizobaki hugeuka umande. Kwa kijaluba cha lita 5 hesabu hiyo haitoi ila tone moja. Dereva alicheka nilipomwambia. Lakini tone hilo, likisha kuingia, mpira ule ule mzuri hulizuilia njia ya kutoka, na usiku wa pili huja lingine, na wino wa muhuri wa barua ya safari hauhitaji mengi ili uwe doa la zambarau lisilosomeka na askari yeyote.

Pale gereji, kabla ya safari, walikuwa wamekwisha kupatana nusu kwa nusu: mpira mlangoni, kitundu chini, na ndani kifuko cha nguo chenye makaa yaliyopondwa, ambayo hunywa unyevu.

Kabla hatujaondoka Goma fundi alirudia lile jaribio la maharage mara ya mwisho, juu ya ubao uliokwisha kutiwa mbavu tatu, akakanyaga mafuta kutoka chini hadi juu. Maharage yalitetemeka kidogo, hayakukimbia. Alipoyakusanya akayahesabu yakawa 19. Akapapasa chini ya viti, akatikisa zulia, akainua mabega. "Moja imekimbia," akasema, akayatia yale 19 katika kopo yarudi jikoni.

Tuliporejea, baada ya majuma mawili na ushei, kidaka cha karatasi kilikuwa kimechakaa mdomoni kwa kupitiwa na mkono. Redio haikuwa imecheza. Nati zote zilikuwa pale zilipoachwa, na fundi alizipima moja moja kwa spana, asiamini neno letu. Kisha akafungua bamba la chini, upande wa kushoto, penye sifongo iliyojazwa kati ya dashibodi na bati la mbele, mahali ambapo mvua hulipoza bati kwa nje na hewa ya joto ya ndani huliachia maji yake. Sifongo ilikuwa imelowa. Katikati yake, likiwa limesimama wima na majani mawili meupe yasiyojua jua, lilikuwa harage la ishirini.

Fundi alilitazama kitambo. Akaliweka juu ya magazeti, akachukua chaki, akatia msalaba pale lilipokuwa limeota, akaniomba nimpitishie keekee.